Gari la Sinema kwenye Harusi ya Kobero

Je, ni uongo kwenda kwenye harusi yako kwa gari ambalo si lako? Mwenzangu mmoja aliponisikia nikilitaja swali hili alicheka, akasema hilo ni swali la kamati ya harusi, si la falsafa. Nakubaliana naye nusu. Kamati za harusi ninazozifahamu hujadili maadili kwa saa nyingi kuliko sisi darasani, ila wao hujadili huku fedha za michango zikiwa mezani, na pengine ndiyo sababu hawalifikishi swali mwisho. Nitajaribu kulisogeza mbele kidogo.

Ninatoka Kobero, katika eneo la Muyinga. Ni mji wa mpakani. Ng'ambo yetu ni Kabanga, wilaya ya Ngara, Tanzania. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita hapa yakielekea Bujumbura, na pamoja nayo hupita magari yaliyotumika kutoka Japani, yale ambayo Watanzania huyaita magari ya IT, yaani yako safarini kwenda nchi nyingine. Dereva wa gari la IT anaweza kuendesha Harrier inayong'aa kwa siku kadhaa, mkono mmoja dirishani, na kila mtu barabarani anajua si yake. Akifika kwetu inambidi ahame upande, kwa kuwa Tanzania huendesha kushoto na Burundi kulia. Nimekua nikiwaona watu hao, na sijawahi kusikia mtu akimwita dereva wa IT mwongo. Kwa hiyo kuonekana ndani ya kitu cha mwingine, peke yake, si kosa. Siku ya harusi kuna kitu kinaongezwa, na hicho ndicho ninachokitafuta.

Tuanze mbali, kwa wale waliolifanya jambo hili kuwa biashara kamili. Uingereza kuna watu wanaoishi kwa kukodisha kwa maharusi magari ya zamani yaliyopata jina kwenye sinema. Linalotajwa sana ni Aston Martin DB5, gari la James Bond katika Goldfinger ya mwaka 1964. Mwaka 2019 moja ya magari ya aina hiyo, lililofungwa vifaa vya kijasusi kama vya Bond, liliuzwa mnadani huko Marekani kwa zaidi ya dola milioni 6. Bwana harusi wa kawaida hakodi hilo. Anakodi ndugu yake, gari la muundo uleule ambalo halijawahi kuona kamera. Wengine hupenda Volkswagen ya mgongo wa duara iliyochorwa namba 53, kama ile ya The Love Bug ya mwaka 1968. Na tusidhani ni tabia ya wasio na kitu. William, mjukuu wa malkia wa Uingereza, alipooa mwaka 2011 alimwendesha mkewe katika Aston Martin ya baba yake. Hata huko kwenye majumba ya kifalme, siku ya harusi watu huazima.

Anayekodi gari la namna hii hakodi chuma wala injini. Anakodi kumbukumbu iliyomo katika macho ya watazamaji. Na kumbukumbu yenyewe ni ya jambo ambalo halikutokea, kwa maana Bond hayupo, na Volkswagen haiwezi kupenda. Hapo maigizo yamepandana juu ya maigizo: gari la mfano, la sinema ya kubuni, katika sherehe ambayo nayo ina mavazi yake na maneno yake yaliyopangwa. Mtu mkali angesema kwamba huo ni uongo mara tatu. Mimi naona kinyume, na nitaeleza kwa kutumia kisa cha nyumbani.

Kwetu sinema iliingia kwa njia ya kibanda cha video: jenereta nje, mabenchi ndani, na sauti ya mfasiri juu ya sauti za waigizaji. Kutoka Tanzania zilikuja filamu zenye sauti ya Lufufu, kutoka Rwanda zikaja za agasobanuye, na sisi watoto tulisikiliza zote mbili bila kujali mpaka. Filamu iliyorudiwa sana, kwa sababu hata bila mfasiri ilichekesha, ni The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys, ya mwaka 1980, ile ya mtu wa jangwani na chupa ya Coca-Cola. Ndani yake mna Land Rover moja ya zamani ambayo nadhani ni mwigizaji bora kuliko wengi. Breki zake hazifai, ikizimika kuiwasha ni kazi, na mahali fulani inajivuta kwa winchi yake yenyewe hadi juu ya mti. Kobero gari lolote bovu liliitwa kwa jina la filamu hiyo.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alipokaribia kuoa alitangaza kwamba yeye na mchumba wake hawataki Prado. Wanataka Land Rover. Ngara kuna mzee, fundi mstaafu, ambaye ana moja ya aina ya kale, ya kijani, anayoitumia kubebea matofali na ndizi. Land Rover zilianza kutengenezwa mwaka 1948, na Tanzania bado zinapendwa kiasi kwamba Oktoba 2024 liliandaliwa tamasha lake mjini Arusha, karibu na mbuga ambamo miaka ya nyuma ilipigwa filamu ya Hatari! ya mwaka 1962. Kwa kaka yangu, hata hivyo, Arusha haikuhusika. Yeye na mchumba wake walikaa benchi moja katika kibanda kilekile wakiwa watoto, na walitaka waliowaona wakicheka siku zile wacheke tena siku ya harusi.

Baba mkubwa alikasirika. Alisema, "Mwanangu, unataka watu waseme tumeshindwa?" Alikuwa ameshazungumza na mtu wa Muyinga mwenye Prado nyeupe. Mjomba akaongeza methali, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, jambo lililonishangaza kidogo kwa kuwa Prado nayo ilikuwa ya kuazima.

Hapa ndipo falsafa inapoingia. Uongo unahitaji mtu anayeweza kudanganyika. Nikisema jambo lisilo kweli mbele ya watu ambao wote wanajua si kweli, na wanajua kwamba najua wanajua, sijamdanganya mtu, nimeigiza. Utamaduni wetu unalielewa hili vizuri. Siku ya kutoa inkwano, msemaji wa upande wa mume husimama akazungumzia ng'ombe: rangi zao, maziwa yao, safari ndefu waliyotembea hadi kufika. Msemaji wa upande wa mke hupokea ng'ombe hao kwa shukrani na kuuliza kama wamenyweshwa maji. Kinachopita mkononi ni bahasha. Hakuna ng'ombe uani, na hata mtoto anajua, lakini mtu akisimama na kusema "jamani, hizi ni noti" atakuwa ameharibu shughuli bila kuongeza ukweli wowote. Ngoma ni mfano mwingine. Zamani zilikuwa ngoma za mwami. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, na baada ya hapo wapigaji wakawa wanakodiwa hata kwenye harusi za watu wa kawaida, mpaka amri ya Oktoba 2017 ilipoweka sharti la kibali na kuwakataza wanawake kuzipiga. Tunaweza kubishana juu ya amri hiyo, hasa kuhusu wanawake, na mimi ningebisha. Lakini hakuna mgeni wa harusi aliyewahi kuzisikia ngoma akadhani bwana harusi ni mfalme.

Kant, ambaye katika insha yake ya mwaka 1797 alikataa uongo hata kwa muuaji anayebisha mlangoni, mwaka uliofuata aliandika kwa upole zaidi juu ya adabu za watu wanapokutana. Alisema heshima tunazopeana ni kama chenji, fedha ndogo ambazo ni mtoto tu anayeweza kuzidhania dhahabu, na kwa kuwa kila mtu anajua thamani yake, hazimdanganyi mtu. Tena aliona kwamba tukiigiza wema kwa muda mrefu, huenda wema wenyewe ukaamka. Namshukuru kwa hilo, maana linaokoa sehemu kubwa ya harusi zetu.

Sasa tulinganishe magari mawili. Land Rover ya kijani yenye harufu ya ndizi haiwezi kumdanganya mtu yeyote. Hakuna mkwe atakayeiona akafikiri kwamba binti yake ameolewa na tajiri. Anayeijua filamu atacheka, asiyeijua atauliza, na wote watajua kwamba gari limeletwa kwa sababu fulani. Prado ni tofauti kwa sababu haina hadithi. Haisemi "mimi ni mchezo". Inasema tu kwamba mwenye kukaa ndani ana uwezo, na inawaachia watazamaji waamue kuamini au kutoamini. Kiswahili ndicho kilichotunga neno wabenzi, kwa kulitazama gari na kulitaja tabaka zima la watu. Lugha yenye neno kama hilo inakiri kwamba gari husomwa kama barua, na barua isiyo na sahihi humdhuru anayeiamini.

Sizungumzii jambo la kufikirika tu. Namjua binti aliyeolewa kwa msafara wa magari sita, na ndugu zake wakaamini walichokiona. Mwezi wa pili baada ya harusi walianza kuja: mmoja anataka mtaji, mwingine anataka kulipiwa karo, wa tatu amesikia shemeji ana gari. Mume hakuwahi kusema kwamba magari yale yalikuwa yake. Hakuwahi pia kusema si yake. Alianza kujificha ndugu wanapobisha hodi, na mke akawa mtu wa kutoa sababu mlangoni. Kant angekuwa na la kusema hapa. Chenji ilikuwa imepokewa kama dhahabu, na aliyeitoa aliona inavyopokewa, akanyamaza.

Kwa hiyo gari la sinema, linaloonekana kuwa ni upuuzi wa hali ya juu, ndilo lenye uaminifu zaidi. Nilimwambia hivyo baba mkubwa, kwa maneno mepesi kuliko haya. Akanijibu kwamba chuo kinatufundisha kuita umaskini kwa jina jingine. Sijui kama alikosea kabisa.

Kisha kuna fedha, ambazo nitazipitia haraka kwa kuwa kila msomaji anazijua. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kamati ilipiga hesabu ikaona kwamba kukodi Prado kwa siku moja kungekula karo ya muhula ya mdogo wa bwana harusi, na mdogo huyo hakuwemo kwenye kikao. Land Rover ilikuwa nafuu, ila nayo inakunywa mafuta, na huu si wakati wa kuchezea mafuta. Tangu mwaka 2022 na hata kabla, Burundi imeishi na foleni za petroli ambazo mtu anaweza kuacha gari lake siku nyingi akirudi tu kuangalia kama mstari umesogea. Mpakani kwetu mafuta ni dumu, na bei yake inategemea nani anauliza. Msafara unaopanda kutoka Kobero kwenda Muyinga huku ukipiga honi, ukageuka na kurudi ili wapiga picha wapate pembe nzuri, unachoma kitu ambacho mama mjamzito wa kilimani huenda anakihitaji usiku huohuo ili afike hospitali. Hapo swali la uongo halitusaidii tena. Onyesho linaweza kuwa la kweli tupu na bado likala sehemu ya mtu. Kamati, nakiri kwa furaha, ilikubali magari mawili tu: Land Rover, na Probox moja kwa ajili ya wazee. Wengine watembee. Mwishoni mwa mwaka 2017, wakati serikali ilipowataka watu wote wanaoishi pamoja wahalalishe ndoa zao kabla ya Desemba kwisha, wengi walifunga ndoa kwa makundi, na wengi wao walifika kwa miguu. Ndoa zao hazina upungufu wowote mbele ya sheria.

Nilidhani mjadala umefungwa. Halafu mtu akamwambia bibi ni gari gani linakuja.

Bibi hajawahi kuingia kibanda cha video. Filamu ya chupa haijui. Aliposikia Land Rover ya kijani aliacha kupepeta maharage, akauliza kama ina turubai nyuma. Tukamwambia ndiyo. Akasema gari la namna hiyo lilikuja mwaka 1972, mwaka tunaouita wa ikiza, likamchukua kaka yake akiwa amevaa shati la kazini, na halikumrudisha. Hakusema zaidi. Sisi wajukuu tulijua kwamba alikuwa na kaka. Hatukujua habari ya gari. Yeye mwenyewe alivuka kwenda Ngara kwa miguu, usiku, akiwa na ujauzito wa baba mkubwa. Ndiyo kusema yule baba mkubwa aliyeng'ang'ania Prado alizaliwa upande wa pili, na sidhani kama naye alijua.

Hoja yangu yote niliyoieleza hapo juu ilisimama juu ya jambo moja: kwamba watazamaji wanashirikiana kumbukumbu. Gari la sinema halidanganyi kwa sababu kila mtu anajua limetoka wapi. Lakini sinema haikuwa ya kwanza kufika. Kabla ya kioo cha kibanda, macho ya bibi yalikuwa yameshaona filamu nyingine, isiyo na mfasiri, na gari lilikuwa lilelile. Waingereza wanapokodi Aston Martin ya Bond wanakodi kitu ambacho wengi wao walikiona kwa mara ya kwanza kwenye kioo. Huku kwetu vitu vingi vilifika kwanza vikiwa vya kweli. Lori, jipu, panga, redio, hata wimbo fulani wa asubuhi, vyote vina watu wanaovijua kwa namna nyingine. Kijana anaweza kuvichukua kwa mchezo, bila ubaya wowote moyoni, na mchezo wake ukawa mzigo kwa mtu aliyekaa kwenye mkeka mita tano kutoka kwake.

Je, hilo linatosha kulikataza gari? Kaka yangu alisema linatosha. Alisimama ili ampigie simu yule fundi wa Ngara. Bibi ndiye aliyemzuia. Alimwambia, "Kaa, mjukuu wangu. Gari halina kosa. Lakini msinipigie honi mlangoni."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka huu. Hakuomba gari libadilishwe, wala hakusema amesahau, na sikusikia kwamba anatubariki. Alichukua haki yake ndogo, ya honi, na akaacha nyingine. Mtu anaweza kusema alifanya hivyo kwa sababu wazee wetu wamezoea kujinyima, na kwamba sisi tulipaswa kukataa kwa niaba yake. Mchumba wa kaka yangu alisema hivyo waziwazi. Mimi sikubaliani naye, kwa kuwa kumkatalia bibi uamuzi wake kungekuwa namna nyingine ya kumwona kama mtu wa 1972 tu, asiye na siku nyingine maishani. Lakini naelewa kwa nini shemeji alilia.

Siku ya harusi Land Rover ilifungwa majani ya mgomba na maua, turubai likatolewa. Ilipofika karibu na nyumba ya bibi dereva aliweka gia ndogo, na vijana waliokuwa wakiimba nyuma wakanyamaza. Bibi alikuwa ameshapanda Probox, amevaa imvutano yake, anatazama mbele. Baada ya pale kelele zikarudi, na watu wa sokoni Kobero walicheka kama kaka yangu alivyotaka, wengine wakiliita gari kwa jina la filamu.

Nilipowasomea wenzangu rasimu ya insha hii, mmoja aliuliza: kama bibi angekuwa ameshafariki, je, honi zingeruhusiwa? Wengi walisema ndiyo, kwa sababu kumbukumbu isiyo na mwenyewe haimuumizi mtu. Ningependa kukubali, maana ni rahisi. Ila njia ya kutoka Kobero hadi Muyinga ina nyumba nyingi pande zote mbili, katika nyingine wamo watu wa umri wa bibi, na sisi tulipunguza mwendo mbele ya mlango mmoja.